Mkunjo wa Reli kwenye Kitanda cha Masista

Nyinyi mnaoanza kazi ya vyumba hapa Mikumi, shikamoo haitolewi macho yakiwa kwenye simu. Haya, rudieni. Marahaba. Sasa kaeni, zamu yenu haianzi mpaka saa nane, na mimi tangu nistaafu sina pa kukimbilia.

Mmeniomba niwafundishe kutandika kitanda. Nitawafundisha. Lakini kwanza nitawasimulia kitanda kimoja nilichokitandika vizuri kupita kiasi, nikiwa nimeshaacha kazi, nikiwa mgeni wa hoteli mwenye ufunguo wangu mkononi kama waheshimiwa, na kwa ajili ya kitanda hicho nusura mwanamke mwenzangu afukuzwe kazi. Miaka yote niliyofanya kazi sikuwahi kumponza mtu. Nikaja kumponza nikiwa mapumzikoni! Ndiyo maana nataka mnisikilize, na wewe hapo mwisho acha kutafuna.

Mimi ni mtu wa Munisagara, huko milimani Kilosa. Wazazi wangu walilima mahindi, na treni ilikuwa inapita karibu na shamba letu. Nilisoma shule ya misheni, nikaolewa, nikazaa, mwanangu Hosea akiwa bado mgongoni nikaja Mikumi kutafuta kazi kwenye loji. Leo Hosea ameota mvi. Katikati ya hapo nimetandika vitanda. Sina kingine cha kujisifia, ila hicho najisifia sana.

Mwezi wangu wa kwanza kazini nilipangiwa chumba namba nne. Nikagonga mlango, nikasema "Hodi!" kama nilivyolelewa. Ndani ikajibu sauti ya mwanaume, "Karibu!" Nikaingia na ndoo yangu na ufagio. Jamani! Mzee wa watu, mwalimu mstaafu kutoka Kidete, amesimama katikati ya chumba, amejipaka sabuni mwili mzima, maji ya bomba yamekatika, anazunguka kutafuta kopo. Mimi nikapiga yowe, yeye akapiga yowe. Kisha, kwa sababu wote wawili tulilelewa vizuri, nikageukia ukuta nikasema, "Shikamoo!" Naye akajibu, "Marahaba, hujambo mwanangu?" Nikasema sijambo, nikatoka kinyumenyume, ndoo nikaiacha humo humo. Angalau alipata maji.

Nilikwenda kwa mzee aliyekuwa akinifundisha kazi, nimefura. Nikamwambia, mzee, mtu yuko uchi, anasemaje karibu? Alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia, "Mtu wa huku ukimpigia hodi, mdomo unajibu wenyewe. Hata awe amelala fofofo, atasema karibu. Wewe usiseme hodi. Sema 'Usafi!' halafu subiri. Hakuna mtu aliyefundishwa na mama yake namna ya kujibu usafi. Itabidi kwanza afikiri, na akifikiri atakumbuka kwamba hajavaa." Basi hilo ni somo la kwanza, na halijanitupa hata siku moja. Mnaambiwa siku hizi mseme maneno ya Kizungu mlangoni. Semeni, lakini subirini.

Mzee huyo aliitwa Mzee Maganga. Baba yake alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, akabaki Kilosa, na yeye mwenyewe alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala mpaka alipopunguzwa kazini, ndipo akaja kutandika vitanda vya watalii. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Alichukia kitanda kibovu kama watu wengine wanavyochukia uongo. Ukitandika vibaya hakugombi. Anavuta shuka lote chini, anaondoka, anakuacha nalo.

Huyu ndiye aliyenifundisha mkunjo wa reli. Kitanda cha behewa kimeshikana na ukuta, huwezi kukizunguka. Kwa hiyo unaanza upande wa ukutani, ule mgumu. Unaweka goti moja juu ya godoro, mkono mmoja unanyanyua godoro, mwingine unasukuma shuka kule ndani mpaka kiwiko kinazama. Kwenye pembe ya miguuni hukunji mara moja kama tunavyofanya sote, unakunja mara mbili, na ncha ya shuka inayobaki nje kama ulimi mdogo unaiacha ikitazama ukuta. Abiria ajigeuze atakavyo, treni iyumbe kwenye kona za bonde la Mkondoa itakavyo, asubuhi shuka liko pale pale. Mimi nilimuuliza, sasa mzee, huku loji vitanda viko katikati ya chumba, tunavizunguka, mkunjo huu wa nini? Akaniambia, "Jifunze tu. Kuna siku utakutana na ukuta."

Nilijifunza. Sikuutumia karibu maisha yangu yote ya kazi.

Nilipostaafu, bosi wangu hakunipa mchele na kitenge kama walivyopewa waliotangulia. Alisema, "Mama Hosea, wewe hujawahi kulala kwenye kitanda ulichotandikiwa na mtu." Nikafikiri, nikaona ni kweli. Bosi ana ndugu mwenye hoteli katika mji mmoja mkongwe wa pwani. Mji sitautaja, wenyewe watajijua. Akanipangia kulala huko siku nne, bure, na chakula juu. Hosea alicheka akasema mama utakwenda kuwakagua watu wa watu. Nikamwambia ninyamazie, nakwenda kupumzika. Nikapanda treni ya umeme pale Kilosa, ile mpya, nikakaa kwenye kiti laini nikijisikia mtu, halafu nikaunganisha basi mpaka pwani.

Hoteli yenyewe ilikuwa nyumba ya masista zamani. Masista walishahama, nyumba ikageuzwa hoteli. Kuta nene kiasi kwamba jua la saa saba hulisikii ukiwa ndani. Ukumbi mrefu, vyumba huku na huku, milango mifupi mpaka mtu mrefu aingie ameinama. Kanisa lao dogo limefanywa ukumbi wa kulia. Mimi Mwanglikana, lakini siku ya kwanza nilishindwa kula mayai pale mbele bila kuinamisha kichwa kwanza. Mzungu wa meza ya pili naye akaona nimeinama, akainama. Basi tukala tukiwa tumebarikiwa wote.

Chumba changu kilikuwa namba saba. Kidogo, safi, ukutani misumari mitatu ya kutundikia nguo, dirisha moja lililowekwa juu kabisa karibu na dari. Na kitanda, sikilizeni hapa, kitanda kilikuwa cha jiwe. Namaanisha masista walijengewa jukwaa la jiwe na chokaa, limeshikana na ukuta pande mbili, na juu yake ndipo godoro linapowekwa. Hoteli imeviacha vitanda hivyo hivyo kwa sababu wageni wanavipenda, wanavipiga picha. Mimi nilipokiona nilisimama nikakishika. Nikasema kimoyomoyo, Mzee Maganga, ukuta huu hapa.

Aliyenipokea na kunipeleka chumbani aliitwa Zuhura, mhudumu wa upande ule wa ukumbi. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, wa pale pale mjini. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo, mama," nikaitikia. Halafu akanipa ufunguo kwa mkono wa kushoto.

Nyinyi mnacheka, mnaona ni jambo dogo. Mimi nimelelewa milimani. Bibi yangu ukimpa hata kikombe cha maji kwa kushoto anakuacha umesimama nacho mpaka ujirekebishe. Nilimwangalia yule mwanamke, nikauangalia mkono wake, nikaupokea ufunguo nikiwa nimenuna. Nikajisemea, watu wa pwani wanaojisifia ustaarabu, kumbe ndio hawa! Nikaingia chumbani, nikafunga mlango.

Asubuhi nilitaka kuiona bahari, si ndiyo niliyoiendea. Dirisha liko juu. Nikavuta kiti, hakikutosha. Nikapanda kitandani, nikakanyaga godoro na mito, nikajinyoosha kwa vidole vya miguu, ndipo nikaiona kidogo tu, mstari wa maji na paa la bati la mtu. Nikafurahi. Niliposhuka nikageuka, nikakiona kitanda. Shuka limejiviringa kama kamba, foronya sakafuni, kama watoto wamechezea humo. Nikasema haiwezekani. Aje mwanamke mwingine akute hivi? Kwetu kitanda ulichokilalia ni siri yako, humwachii mtu akione kabla hujakinyoosha. Na mimi tena! Mama Hosea mzima, niliyefundisha nusu ya wahudumu wa Mikumi, nikutwe na kitanda kama hiki?

Nikaweka goti kwenye godoro, nikaanza ukutani.

Haki ya Mungu, nilifurahi. Magoti yalilia, lakini mikono ilikumbuka kila kitu. Nilipofika pembe ya miguuni nikakunja mara mbili, nikauacha ulimi unatazama ukuta, nikarudi nyuma mpaka mlangoni nikakitazama. Kilikaa kimya. Kitanda kizuri kinakaa kimya, hiyo mtaielewa mbele ya safari. Nikafungua mlango, nikaenda zangu kutembea.

Niliporudi mchana nikakuta sakafu imefagiwa, taulo mpya, na kitanda hakijaguswa. Juu ya mto kuna asumini, maua machache yamefungwa kwenye uzi. Nikasema aha, ameona kazi ya mkubwa, adabu imemrudia.

Siku ya pili hivyo hivyo. Kila nikikutana na Zuhura ukumbini ananiamkia kwa furaha ambayo sikuielewa, ananiuliza nimelala vipi, nimekula nini, kama ninataka maji ya moto. Mimi namjibu kwa mkato. Ule mkono wa kushoto ulikuwa bado unanikereketa.

Asubuhi ya siku ya tatu baada ya kutandika nikaenda kunywa chai kule kanisani. Jengo lile lilijengwa ili sista mmoja akisali mwisho wa ukumbi mwenzake amsikie, kwa hiyo sauti inasafiri. Nikawasikia watu wawili wanazungumza ukumbini, upande wa chumba changu. Mmoja alikuwa Zuhura. Mwingine msimamizi wa vyumba, waliyemwita Madamu Redempta, mwanamke wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Nilikuwa nimemwona mara mbili akipitisha kidole juu ya fremu za milango. Nilimpenda kwa hilo.

"Zuhura, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Ufunguo wa namba saba umempa nani?"

"Sijampa mtu, madamu."

"Kitanda cha namba saba kimetandikwa na nani?"

"Nimetandika mimi."

"Wewe! Zuhura, mimi ndiye niliyekufundisha kutandika. Mkono wako naujua. Siku tatu napita namba saba nakuta mkunjo ambao hakuna mtu humu ndani anayeujua. Umeleta mtu wa nje akufanyie kazi, umempa ufunguo wa chumba cha mgeni. Mgeni akipoteza kitu tutamwambia nini? Unajua hilo adhabu yake ni nini."

"Najua."

"Basi lete funguo zote, na aproni uivue. Barua utaikuta kwa karani."

Chai ikanipalia. Namba saba si ndiyo yangu?

Nitawaambia ukweli, maana sina wa kumwogopa tena. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huruma. Nilihisi fahari. Kuna mtu ameutambua mkunjo wa Mzee Maganga! Halafu ndipo nikaelewa kwamba mwanamke anavuliwa aproni kwa sababu yangu, nikaacha chai na mkate nikatoka. Kwa mwendo wangu siwezi kusema nilikimbia, lakini wazungu walinipisha.

"Hodi hapo," nikasema.

"Karibu, mama. Shikamoo," akasema Madamu Redempta, akivaa uso wa kupokea wageni.

"Marahaba. Kitanda nimetandika mimi."

Akanitazama. Zuhura naye akanitazama, akatikisa kichwa kidogo kama anayeniomba ninyamaze. Sikunyamaza.

"Mama yangu," akasema Madamu Redempta kwa upole, "wageni wetu hawatandiki vitanda. Najua umemwonea huruma, lakini usimtetee kwa jambo usilolijua."

"Nisilolijua mimi? Mwanangu, hebu twende namba saba."

Tukaenda watatu. Nikavuta shuka lote chini kama alivyokuwa akifanya Mzee Maganga, nikapanda goti langu juu, nikatandika. Sikuharakisha. Nilikuwa nasikia pumzi yao nyuma yangu. Nilipomaliza pembe, Madamu Redempta akavaa miwani, akainama, akaushika ule ulimi wa shuka kwa vidole viwili.

"Umefundishwa wapi?"

"Mikumi, na mtu wa reli. Na mimi nimefanya kazi hii hii yenu mpaka juzi. Nilikuwa naona aibu kuacha kitanda wazi. Basi, kosa ni langu, mrudishie aproni yake."

Nilidhani yameisha. Nikaanza hata kutabasamu. Lakini Madamu Redempta alikuwa msimamizi kwelikweli, na msimamizi wa kweli haishii pale unapotaka aishie.

"Sawa, mama, nimekuamini," akasema. "Ufunguo hakumpa mtu. Hilo nimemwonea, na namwomba radhi." Kisha akamgeukia Zuhura. "Lakini wewe umeweka alama kwenye fomu siku tatu mfululizo kwamba umetandika. Na sasa hivi umeniambia usoni kwamba ni wewe. Ulikuwa radhi ufukuzwe kuliko kusema tu kwamba umekikuta kimetandikwa. Kwa nini?"

Zuhura akanitazama mimi, kisha akatazama sakafu.

"Basi kitandike sasa. Nikuone."

Akavuta shuka chini mara ya pili. Zuhura akapanda goti. Mkono wa kushoto ukanyanyua godoro. Wa kulia ulipaswa kupita juu, uingie kule ukutani. Ulipanda mpaka usawa wa kifua, ukasimama. Akajaribu tena. Niliona jasho linamtoka kwenye nywele za mbele. Shuka likamponyoka, likateleza sakafuni, naye akabaki amepiga goti pale juu anautazama ukuta.

"Ni bega, madamu," akasema. "Tangu kabla ya mfungo. Halipandi. Hata kikombe sikiinui kwa mkono huu."

Ndipo nilipoelewa ule ufunguo niliopewa kwa kushoto. Nilijisikia vibaya, vibaya sana, na sikuwa na pa kujificha kwa sababu chumba kile kina kiti kimoja tu.

"Si ungesema?" akauliza Madamu Redempta, na sauti yake haikuwa ya msimamizi tena.

"Asha alisema mgongo unamuuma," akajibu Zuhura. "Asha yuko wapi sasa?"

Madamu Redempta akavua miwani. Akakaa kwenye kiti. Baadaye nilijua kwamba Asha alikuwa mwenzao, alisema anaumwa, akaambiwa apumzike, na mkataba wake ulipokwisha hakuongezewa. Zuhura alikuwa mjane anayesomesha watoto, na mkataba wake ulibakiza mwezi mmoja. Kila asubuhi alikuwa anatandika vile vitanda vya jiwe kwa mkono mmoja na meno.

Mimi nilipaswa kunyamaza, mgeni ni mgeni. Lakini mnanijua.

"Madamu," nikasema, "bega hili halikuumia nyumbani kwake. Limeumia hapa." Nikagonga ukuta. "Kila siku anatandika vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Nyumba hii ilipokuwa ya masista, kila sista alitandika chake. Kimoja. Fundi aliyejenga vitanda hivi hakufikiria kwamba mtu mmoja atavitandika vya watu wote. Sisi kule loji kitanda unakizunguka, na bado mgongo unakufa. Hiki mtu mmoja hakiwezi. Watandike wawili wawili, mmoja ukutani mmoja nje, muda utakuwa ule ule. Nimefanya kazi hii, sikuambii ya kusikia."

Madamu Redempta akanigeukia. "Mama, ulikuja kulala au kunikagua?"

"Nilikuja kulala. Mmenikatisha chai."

Akacheka, bila kupenda. Akamwambia Zuhura avae aproni yake akakae chumba cha mashuka mpaka yeye atoke kwa mwenye hoteli. Mchana ule sikwenda popote. Nilikaa barazani nikijifanya nasoma gazeti. Alasiri Madamu Redempta akaja kuniambia mwenyewe: Zuhura atapewa barua ya onyo kwa sababu ya fomu, hilo hakuweza kulifumbia macho, atakwenda hospitali, na wakati anatibiwa atabaki chumba cha mashuka, kushona yaliyochanika na kupanga. Mkataba wake utaendelea. Vitanda vya jiwe vitajaribiwa kwa watu wawili wawili. Nikasema Mungu akubariki, mwanangu. Nilikuwa nataka kulia, nikapenga kamasi kwenye gazeti la hoteli.

Asubuhi ya mwisho nilitoka chumbani nikakiacha kitanda kilivyo, shuka huku, mto kule. Msidhani ilikuwa rahisi. Nilirudi mara mbili kutoka mlangoni. Wakaja wasichana wawili, mmoja akapanda ukutani, mwingine akabaki nje, wakakimaliza haraka huku wakipiga soga. Pembe waliikosea, nikajiuma ulimi.

Basi, mtachukua hapa mnachotaka kuchukua. Mwenzako akikupa kitu kwa kushoto, mtazame bega kabla hujamtazama adabu. Fomu msiiwekee alama ya kazi ambayo hamkufanya, hata kama imefanywa vizuri kuliko mngefanya nyinyi. Na mkiumwa, semeni mkiwa wengi, maana aliyesema peke yake mmesikia yaliyompata.

Lakini hilo silo nililotaka kuwaambia. Nililotaka kuwaambia ni hili, na sijamwambia hata Hosea.

Gari lilipokuja kunichukua, Zuhura alitoka chumba cha mashuka akanisindikiza mpaka getini. Akasimama mbele yangu, macho yamejaa. Akasema, "Mama, mimi sina cha kukulipa. Siku ile ya kwanza nilipoingia nikakuta kitanda kimetandikwa, nilikaa juu yake nikalia. Usiku kucha nilikuwa nimeomba Mungu, nimwambie nani, sina wa kumwambia. Nikasema mama huyu ameniona. Wote hawakuona, yeye ameona bega langu siku moja tu, na hakusema kitu, ameamua kunisaidia kimya kimya. Ndiyo maana hata madamu aliponibana nilisema ni mimi. Sikutaka nikutaje, usije ukaaibika kwa wema wako. Na hata ulipomwambia madamu kwamba ni aibu tu ya kuacha kitanda wazi, nilijua unanisitiri."

Mmemsikia? Alikuwa tayari kupoteza kazi kwa kunilinda mimi, niliyekuwa nimemnunia siku tatu.

Na mimi sikuwa nimeona bega. Sikuwa nimeona kitu. Nilitandika kwa aibu yangu na kwa majivuno yangu. Nilipaswa kumwambia pale pale. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama mama yake, na mimi nilitamani mno kuwa huyo mama aliyemfikiria.

Nikamwambia, "Usijali, mwanangu. Niliona." Nikapanda gari.